Duka liko Oregon, wewe uko Minnesota: kodi ya mauzo na siri za mnunuzi

Ikifika Februari meza yangu ya jikoni hapa Minneapolis haiwi tena ya kulia chakula. Inajaa makaratasi ya watu: fomu za mishahara, barua za benki, risiti zilizokunjwa mara nne. Huwa nawasaidia majirani kujaza ritani zao za kodi, na mwaka huu mama mmoja wa Mombasa alikuja na bahasha ya kaki iliyofura risiti alizochapisha maktaba, zote za vitu alivyonunua mtandaoni. Hakuifungua. Aliishika kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwanangu, na hizi nazo serikali inazitaka? Maana humu mna mambo yangu."

Baadaye alinionyesha. Mlikuwa na sufuria, viatu vya wajukuu, dawa ya kuchua magoti, na kitabu kwa ajili ya mtu aliyefiwa na mume. Nilimwambia, serikali inataka kujua umenunua vya kiasi gani na mzigo ulifikia wapi. Kitabu unachosoma usiku ni chako, mama.

Ninayoyaandika hapa ni jibu lile lile, ila nimelirefusha kwa ajili ya yeyote anayeishi Marekani na kununua kwa wauzaji walio jimbo jingine. Mifano mingi ni ya Minnesota kwa sababu ndiko ninakoishi.

Kabla ya yote: hii ni kodi ya jimbo

Tuliokulia Kenya au Tanzania tumezoea VAT, asilimia 16 kwa Kenya na 18 kwa Tanzania Bara, na mara nyingi tunaikuta imeshaingizwa kwenye bei iliyobandikwa rafuni. Marekani haina VAT ya taifa zima. Ina kodi ya mauzo, inayotozwa na jimbo, kisha kaunti na mji vikaongeza cha kwao juu yake. Majimbo 45 yanaitoza, pamoja na jiji la Washington. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hayana kodi hii. Alaska nayo haina ya jimbo, lakini miji yake mingi inatoza ya kwake. Colorado inaanzia asilimia 2.9 na California 7.25, na hapo mji bado haujaongeza kitu. IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haihusiki na kodi ya mauzo hata senti moja. Likumbuke hilo, litakufaa tukifika kwa matapeli.

Kanuni kubwa ni kwamba kodi huufuata mzigo. Duka likiwa Oregon na mlango wako ukiwa Minneapolis, kiwango kinachotumika ni cha Minneapolis.

Wengi wetu bado tunaamini kwamba kitu cha mtandaoni hakina kodi, na imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1992, katika kesi ya Quill, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi kama hana jengo wala mfanyakazi ndani ya jimbo hilo. Hali ikawa hivyo kwa miaka ishirini na sita. Tarehe 21 Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo iliitengua hukumu yake katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. South Dakota ilikuwa imetunga sheria kwamba muuzaji akivuka mauzo ya dola 100,000 kwa mwaka, au akiuza mara 200 kwa watu wa jimbo hilo, atakusanya kodi hata kama hajawahi kukanyaga huko. Majimbo mengine yakafuata, kila moja na kiwango chake. California, Texas na New York ziliweka dola 500,000. Tena kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, yale yenye maelfu ya wauzaji chini ya paa moja, sasa ni soko lenyewe linalokata kodi kwa niaba ya wauzaji wake. Missouri ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuweka utaratibu huo, Januari 2023.

Anayebaki nje ni muuzaji mdogo mwenye tovuti yake, ambaye hajafikia kiwango. Yeye hakukati kodi, na hapo deni linahamia kwako. Nitalirudia hilo katika hatua ya tatu, kwani ndilo linalowakwaza watu.

Hatua ya kwanza: isome risiti mstari kwa mstari

Tuchukue oda moja. Viatu dola 60, seti ya sufuria dola 120, usafiri bure, mzigo unaletwa Minneapolis. Kiwango cha hapa ni asilimia 9.025: jimbo linachukua 6.875, mji 0.5, na zilizobaki zinakwenda kaunti ya Hennepin na eneo zima la jiji kwa ajili ya usafiri wa umma na makazi. Mtu wa haraka atapiga asilimia hizo kwenye dola 180 na kupata kodi ya dola 16 na zaidi. Atakuwa amekosea, kwa sababu Minnesota haitozi kodi nguo wala viatu vya kawaida. Kinachotozwa ni sufuria peke yake: 120 mara 9.025 kwa mia, yaani dola 10.83.

Chini yake utaona senti 50 zenye jina refu linalotaja barabara na chakula. Hiyo ni ada ya kuletewa mzigo. Minnesota ilianza kuitoza tarehe 1 Julai 2024 kwa oda za kuanzia dola 100, na ajabu ni kwamba viatu, ambavyo havina kodi, vinahesabiwa katika kuifikia hiyo mia. Jumla ni dola 191.33. Risiti yako ikisema zaidi ya hapo, uliza.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni matatu. La kwanza ni kutoza kitu kisichotozwa. Pennsylvania na New Jersey nazo haziweki kodi kwenye nguo za kawaida, na New York inaondoa kodi yake ya asilimia 4 kwa nguo au kiatu cha chini ya dola 110, kila kipande kikihesabiwa peke yake. La pili ni gharama ya usafiri. Minnesota na Texas huitoza kodi ikiwa kitu chenyewe kina kodi, lakini California kwa kawaida haiitozi kama imeandikwa kwa mstari wake na mzigo umebebwa na posta au kampuni ya usafirishaji.

La tatu ni postikodi, na hili lilinipata mwenyewe. Niliwahi kuishi katika kijimji kinachopakana na Minneapolis na kushiriki nayo postikodi moja. Duka fulani likawa linanikata kodi ya mji wa Minneapolis kila mara, nusu asilimia ambayo sikudaiwa, kwa sababu mtambo wao ulikuwa unatazama tarakimu tano tu. Kwenye kabati la nguo la dola 400 hiyo ni dola mbili. Ni kidogo, lakini ilikuwa pesa yangu, na mji ule haukuwa na haki nayo. Niliandika ujumbe wenye namba ya oda, jina la mji wangu halisi na kiwango sahihi kutoka kwenye kikokotoo cha Idara ya Mapato ya Minnesota. Zilirudi ndani ya wiki moja. Kwa hiyo ukijaza anwani, weka zile tarakimu nne za ziada za postikodi, na ukiona kosa mwandikie muuzaji kwanza. Ukikimbilia idara ya mapato ya jimbo, mara nyingi watakurudisha kwa huyo huyo muuzaji.

Hatua ya pili: mpe muuzaji anachohitaji, pengine paache wazi

Ili kukokotoa kodi muuzaji anahitaji vitu vinne: kitu gani, bei gani, tarehe gani, kinakwenda wapi. Tarehe ya kuzaliwa haimo, isipokuwa unanunua pombe au kitu kingine chenye sharti la umri. Namba ya Social Security haimo kamwe. Ukiona duka la mtandaoni linaiomba ili "kukamilisha kodi", funga ukurasa huo.

Mahali penye alama ya nyota ndipo pa lazima; pasipo na nyota paache. Pakiwa na njia ya kununua kama mgeni bila kufungua akaunti, ifuate, hasa kwa duka ambalo huenda usirudi tena. Kuwa na barua pepe ya pili kwa ajili ya manunuzi tu. Kile kisanduku kidogo chenye tiki ya kukubali matangazo kiko juu kidogo ya kitufe cha kulipia, na tiki mara nyingi imeshawekwa kabla hujafika. Iondoe. Kama benki yako inatoa namba ya kadi ya muda kwa manunuzi ya mtandaoni, itumie.

Kuna jambo moja kuhusu postikodi ambalo ningependa kila mtu alielewe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya mnunuzi aitwaye Pineda dhidi ya duka la vyombo la Williams-Sonoma, ilisema postikodi ni taarifa binafsi, na duka haliruhusiwi kukuomba na kuiandika kwa sababu tu unalipa kwa kadi. Sababu yake ni rahisi: jina lako wameshalipata kwenye kadi, wakiongeza postikodi wanaweza kuitafuta anwani ya nyumbani kwako kwenye orodha zinazouzwa. Mtandaoni huwezi kuinyima, kwa sababu kodi yenyewe inaihitaji na mzigo lazima ufike. Ndiyo maana inafaa uwe mgumu kwenye mengine yote: simu, siku ya kuzaliwa, majina ya watoto, kazi unayofanya.

Anwani usidanganye. Najua wako wanaoandika nyumba ya binamu aliyeko Portland, Oregon, kisha binamu anawatumia. Mzigo ukifika kwako Minnesota, kodi yake unadaiwa wewe, na binamu umemwingiza katika jambo ambalo si lake. Mwenye sababu ya kweli ya kuficha anapoishi ana njia ya halali. Sanduku la posta ni mojawapo. Kwa aliyekimbia mume mwenye kipigo au mtu anayemfuatafuata, Minnesota ina mpango uitwao Safe at Home chini ya ofisi ya Katibu wa Jimbo: unapewa anwani ya serikali, barua zako zinapokelewa huko na kuletwa kwako. Majimbo mengi yana mpango wa namna hiyo. Nimewaona akina mama ambao wangeujua mapema wasingehama mara tatu.

Hatua ya tatu: kodi ya matumizi, ile isiyokatwa

Muuzaji asipokata kodi, sheria inakutaka uilipe mwenyewe jimboni kwako. Inaitwa kodi ya matumizi, na kiwango chake ni kile kile. Kama ulilipa kodi jimbo jingine, unalipa tofauti tu: ulinunua kiti Wisconsin kwa asilimia 5 ukakileta nyumbani Minneapolis, unadaiwa asilimia 4.025 zilizobaki.

Kila jimbo lina mlango wake wa kuilipia. California, New York, Ohio na Pennsylvania zimeweka mstari wake ndani ya ritani ya kodi ya mapato. California ina hata jedwali la makadirio kwa vitu vya chini ya dola 1,000 kila kimoja, unasoma mapato yako na kuandika kiasi, huhitaji risiti yoyote. Texas haina kodi ya mapato, hivyo fomu inatoka kwa Mdhibiti wa Hesabu wa jimbo. Minnesota imekuwa na huruma: kama vitu vyako vya matumizi binafsi visivyokatwa kodi havivuki dola 770 kwa mwaka, hudaiwi kitu. Ukivuka, unajaza fomu UT1 kabla ya tarehe 15 Aprili.

Yule mama tulikaa naye nusu saa. Katika bahasha yake yote, oda tatu tu hazikuwa na kodi, jumla dola 212. Hakudaiwa.

Lakini lililonigusa ni kwamba alilazimika kunionyesha kila kitu ili tuyajue hayo, na hapo ndipo nilipobadilisha utaratibu wangu. Siku hizi nawaambia watu wasiniletee risiti. Nunua daftari. Kila oda isiyokatwa kodi iandikie mstari mmoja: tarehe, bei ya vitu vinavyotozwa, kodi iliyokatwa kama ipo. Jina la kitu usiliandike. Risiti zenyewe ziweke nyumbani kwa miaka minne, ikitokea siku jimbo likataka uthibitisho. Anayekujazia ritani anahitaji jumla iliyo chini ya ukurasa, basi. Mtu anayelipwa kwa kazi hiyo anabanwa na sheria ya serikali kuu inayofanya kuwa jinai kutoa taarifa za ritani yako bila ridhaa yako, lakini siri ambayo haikutoka nyumbani haihitaji sheria ya kuilinda.

Nasisitiza kulipa kwa sababu nyingine pia. Chini ya ritani unatia saini kwamba uliyoyaandika ni kweli, na ukiandika sifuri kwenye mstari wa kodi ya matumizi, sifuri hiyo umeiapia. Kisha fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama unadaiwa kodi iliyopitisha muda, iwe ya serikali kuu, ya jimbo au ya mji. Kwa mtu aliyengoja miaka kumi kupata karatasi zake, dola thelathini za kodi hazistahili kumnyima usingizi. Zilipe ziishe.

Hatua ya nne: jua jimbo linaweza kuona nini

Hapa ndipo swali la yule mama lilipokuwa, na Marekani imeshalijibu mahakamani.

Mwishoni mwa mwaka 2009 Idara ya Mapato ya North Carolina ilitaka kujua ni kodi kiasi gani ilikuwa inapotea kwa manunuzi ya Amazon, ambayo wakati huo haikuwa inakusanya kodi huko. Ikaiomba Amazon kumbukumbu za mauzo yote kwa watu wa jimbo hilo tangu 2003. Yalikuwa karibu manunuzi milioni 50. Amazon ilitoa tarehe, bei, mji, kaunti, postikodi, na namba ya kutambulisha kila bidhaa. Haikutoa majina. Idara ikayataka na majina.

Tazama jinsi vipande hivyo vinavyoungana. Namba ya bidhaa peke yake haimwumbui mtu. Jina peke yake halisemi kitu. Ukiviweka pamoja, karani mmoja ofisini Raleigh anajua nani katika mji wake alinunua kitabu cha talaka, cha ulevi, cha ugonjwa fulani, cha siasa au dini fulani. Amazon ilikwenda mahakamani Seattle, na shirika la kutetea haki la ACLU likaingia upande wa wanunuzi. Tarehe 25 Oktoba 2010 Jaji Marsha Pechman alisema ombi hilo linavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, kwa kuwa uhuru wa kusema unahusu pia kusoma, kusikiliza na kutazama bila serikali kukuchungulia. Akaongeza kwamba linavunja pia sheria ya 1988 ya faragha ya video. Sheria hiyo ina kisa chake: mwaka 1987 gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya filamu zilizokodishwa na familia ya Robert Bork, jaji aliyekuwa amependekezwa kuingia Mahakama ya Juu, na Bunge likashtuka kuona jinsi ilivyo rahisi.

Idara ilikuwa na haki ya kutafuta kodi yake. Ingeweza kuuliza jina na jumla ya dola. Haikuhitaji kujua vitabu.

Colorado ilijaribu njia nyingine mwaka huo huo wa 2010, nami naiona ya haki zaidi, ingawa siipendi yote. Muuzaji asiyekusanya kodi alitakiwa amwambie mnunuzi wakati wa kununua kwamba anadaiwa kodi ya matumizi. Kila Januari amtumie aliyenunua zaidi ya dola 500 barua ya jumla ya mwaka. Kisha aipelekee idara ya mapato jina, anwani na jumla ya kiasi. Aina ya bidhaa haikutakiwa kwenda idarani. Wauzaji walipigana nayo mahakamani hadi Desemba 2016, wakashindwa, na ikaanza kutumika Julai 2017. Baada ya kesi ya Wayfair mwaka uliofuata, wauzaji wakubwa walianza kukata kodi wenyewe na haja ya orodha hizo ikapungua sana. Ila mnunuzi akipokea barua ya namna hiyo asiitupe. Ailinganishe na daftari lake, kwa sababu ni nakala ya kile ambacho jimbo limeshakiona. Na jina la duka pekee wakati mwingine linasema mengi, hata bila orodha ya bidhaa; duka linalouza vifaa vya wagonjwa wa saratani halihitaji kueleza umenunua nini.

Kumbuka pia mpaka wa ulinzi ule. Hukumu ya Seattle ilihusu vitabu, muziki na filamu. Sufuria na dawa ya magoti hazimo katika Marekebisho ya Kwanza. Kwa hivyo unahitaji hatua inayofuata.

Hatua ya tano: liulize duka lina nini chako

Majimbo karibu ishirini sasa yana sheria pana ya faragha ya mnunuzi. California ilitangulia, tarehe 1 Januari 2020. Texas na Oregon zilianza Julai 2024, Minnesota tarehe 31 Julai 2025. Sheria inayokulinda ni ya jimbo unaloishi, hata kama duka liko kwingine, ilimradi ni kubwa kiasi cha kuguswa nayo. Vijiduka vidogo mara nyingi havimo.

Tafuta chini kabisa ya tovuti neno la faragha, utakuta fomu au barua pepe. Andika kwa Kiingereza, kwa ufupi: jina lako, barua pepe uliyonunulia, jimbo unaloishi, na unachotaka. Mimi huomba mambo manne kwa mpigo: wanipe nakala ya taarifa zangu, waache kuziuza, wafute zisizohitajika, na wanipe majina ya watu wa nje waliowapa. Hili la nne Minnesota na Oregon zimelikazia, na ndilo tamu kuliko yote. Duka moja la nguo lilinijibu kwa orodha iliyojaa kurasa mbili, na mimi nilikuwa nimenunua soksi.

Wana siku 45 za kujibu, na wanaweza kuomba nyingine 45 wakieleza kwa nini. Wakikataa, hapa Minnesota unakata rufaa kwao kwanza, kisha unakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Usishangae wakikwambia kwamba wamefuta vingine vyote lakini ankara imebaki. Hilo ni halali. Sheria ya kodi inawataka wahifadhi kumbukumbu za mauzo kwa miaka kadhaa, na haki ya kufutiwa inasimama pale wajibu wa kodi unapoanzia. Unachoweza kudai ni kwamba ankara hiyo ikae kwa ajili ya kodi tu, isitumike kukutangazia wala kuuzwa. Kiandike wazi.

Ili usiandike barua kila wiki, washa kwenye kivinjari chako ishara ya kukataa kuuzwa taarifa, iitwayo Global Privacy Control. Firefox na Brave wanayo ndani. California, Colorado, Texas na Minnesota ni kati ya majimbo yanayolazimisha maduka kuitii.

Kwa mwenye biashara ndogo

Dada zangu wanaonunua vitenge, mafuta ya nywele au viungo kwa jumla ili wauze, nyinyi hampaswi kukatwa kodi ya mauzo mnaponunua. Anayeilipa ni mteja wa mwisho. Mnampa muuzaji cheti cha ununuzi wa kuuza tena. Tatizo ni kwamba cheti hicho kina mahali pa namba ya kodi, na wengi wanaandika namba yao ya Social Security, kisha wanaituma kwa barua pepe kwa wauzaji kumi na wawili walio majimbo sita. Msifanye hivyo. Ombeni EIN, namba ya kodi ambayo IRS huipa biashara, kwenye tovuti ya IRS. Ni bure na inatoka siku hiyo hiyo. Tovuti inayokutoza pesa kwa ajili ya EIN si ya IRS.

Mizigo ya nyumbani

Ndugu walio Nairobi na Dar es Salaam wanaponunua kwenye maduka ya Marekani, mara nyingi mzigo hupitia ghala la wakala lililoko Delaware, na ndiyo sababu hawaoni kodi ya mauzo. Hilo ni halali kwa mzigo unaovuka bahari; VAT na ushuru vitasubiri forodhani. Wewe unayeishi Maryland ukilitumia ghala hilo hilo kisha ukaenda kuchukua kwa gari, umebeba na deni la kodi ya matumizi.

Wakala atakuomba ankara kwa ajili ya forodha, na ankara inataja kila kitu. Mtumie ya mzigo huo peke yake, usimpe nenosiri la akaunti yako ya duka ili "ajipakulie mwenyewe". Nimesikia mawakala wakiomba hivyo kana kwamba ni jambo la kawaida. Akiwa ndani ya akaunti anaona manunuzi yako ya miaka yote, anwani ya mama yako, na kadi uliyoihifadhi.

Ujumbe wa "kodi ya kifurushi"

Utapata ujumbe wa simu unaosema kifurushi chako kimekwama kwa sababu kodi ya mauzo haijalipwa, bonyeza hapa ulipe dola 1.99. Kodi ya mauzo haikusanywi hivyo. Inakatwa wakati wa kununua, au unailipa mwenyewe kwa jimbo kama nilivyoeleza. Shirika la posta halisimamishi mzigo wa kutoka Oregon kwenda Minnesota kwa ajili ya kodi hiyo. Akipiga mtu akisema ni wa IRS na unadaiwa kodi ya mauzo, ameshajitaja kuwa mwongo, kwa kuwa IRS haina kodi hiyo. Idara ya mapato ya jimbo ikikudai, barua ya posta hutangulia, ina jina lako na namba ya kesi, nawe unaweza kupiga namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo na kuuliza kama ni ya kweli.

Ile dola 1.99 hawaihitaji. Wanataka namba ya kadi. Kama umeshaiandika, piga benki sasa hivi wakufungie kadi, kisha toa taarifa kwenye reportfraud.ftc.gov. Na kama aliyeiandika ni mama yako au shangazi yako, mpigie wewe hiyo benki akiwa pembeni yako, na usimgombeze, ili siku nyingine akipata ujumbe kama huo akuulize kwanza.